Wanajeshi walionifunza kumalizana na hofu mapema

Ukiuliza watu hapa Nairobi shujaa wao ni nani wengi watakutajia mchezaji wa mpira, wengine mwanasiasa wa kwao, wengine pasta. Mimi ukiniuliza nitakutajia wanajeshi, na kila nikisema hivyo mtu anadhani sasa naanza stori za bunduki na mabomu. Hapana. Nimelelewa kwa nyumba ya mwanajeshi, mzee wangu alikuwa sajini kwa Kenya Rifles, kikosi cha jeshi la nchi kavu, mpaka akastaafu, na kwa hii miaka yote nimesoma na kusikiliza habari za makamanda wengi, na kuna kitu kimoja nimekiona kwa wale ninaowapenda sana. Walikuwa wameshamalizana na mambo ya kufa, wao na Mungu wao, kabla siku ya hatari haijafika. Kwa hivyo siku yenyewe ikifika kichwa kiko huru kufikiria mama mzee, mtoto, jirani, askari wa chini. Mtu ambaye bado anabishana na kifo hana nafasi ya kumfikiria mtu mwingine, anajifikiria yeye tu, na hio si aibu ni vile binadamu tuko.

Wacha nianze na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na mkoloni Mwingereza, juu ndiye wa karibu zaidi, na nasema karibu kwa kilomita. Mimi ni keateka, yaani msimamizi wa ploti ya kupangisha, huku Kahawa West, na ukifuata hii barabara ya Kamiti mbele kidogo unafika gereza lenyewe la Kamiti, pale aliponyongwa asubuhi ya tarehe 18 Februari 1957 akazikwa bila alama yoyote na familia yake mpaka leo haijapata nafasi ya kumzika inavyofaa. Matatu zinapita hapo kutwa, watu wanashuka na mboga zao, watoto wanatoka shule, na mimi huwa nafikiria ni wangapi kwa hio matatu wanajua nani amelala hapo ndani.

Mjini wengi wanajua ile sanamu yake, pale Kimathi Street inakutana na Mama Ngina, ile Rais Kibaki alizindua Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Amesimama na bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Ni sanamu nzuri, nikipita hapo lazima niinue kichwa. Lakini Kimathi aliyenishika mimi moyo ni yule wa barua.

Siku moja kabla ya kunyongwa aliandika barua kwa padri mmoja wa misheni ya Kikatoliki kule Nyeri, Padri Marino. Fikiria huyo mtu alikuwa ametoka wapi. Alikuwa amepigwa risasi na kushikwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni ya msitu, akapelekwa kortini Nyeri bado ana kidonda, akahukumiwa kifo kwa kosa la kupatikana na bastola. Sasa ako kwa seli Kamiti, anajua kesho asubuhi ni kamba. Na kwa hio barua anamwambia padri kwamba ana shughuli nyingi na ana furaha, anajitayarisha kwenda mbinguni kesho. Halafu akishamaliza hapo anaingia mambo ya nyumbani moja kwa moja, yaani kama mzazi yeyote. Kwamba kijana wake aanze shule mapema na misheni imshughulikie. Kwamba mama yake amezeeka sana na ana huzuni, wasikose kwenda kumuona wamfariji. Kwamba mke wake, ambaye wakati huo alikuwa amefungwa hapo hapo Kamiti, atakuwa mpweke na masista wamtembelee. Mara ya kwanza kusoma hio barua nilirudia pale pa shule tena na tena. Mtu amebakisha usiku mmoja duniani na anawaza mambo ya shule ya mtoto. Hajalaani mtu. Hajajitetea. Ya kwake na Mungu ameyaweka kwa mistari michache hapo juu, halafu karatasi iliyobaki yote amewapa wengine.

Najua kuna watu hawamuoni Kimathi hivi, na sitaki kujifanya sijui. Vita vya Mau Mau viligawa nyumba, kaka mmoja msituni, mwingine homgadi wa mkoloni, na kuna familia mpaka leo zina machungu yao na zina haki ya kuwa nayo. Serikali yenyewe ilikaa mpaka 2003 ndio ikaondoa marufuku ya Mau Mau, miaka 40 baada ya uhuru! Mimi sisemi kila kitu kilichofanyika msituni kilikuwa sawa. Nasema vile mtu alivyokufa, na alichokuwa anafikiria akifa, hio siwezi kuacha kuiheshimu.

Mke wangu akinisikia huwa ananiuliza, kwani mashujaa wako wote ni wanaume? Kwa hivyo nimtaje Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo cha juu kabisa cha jemadari kule msituni. Alibaki msituni mpaka uhuru. Akakaa na zile rasta zake za msituni miaka na miaka mpaka Aprili 2022 ndio akakubali zikatwe, na Mama Ngina Kenyatta ndiye aliyezikata, kisha mwaka uliofuata akafariki. Hakupata mtoto baada ya kutoka msituni na alikuwa anasema Kenya ndio mtoto wake. Mke wangu anampenda kuliko hawa wangu wote na mimi simbishii.

Sasa mzee wangu.

Yeye hakuwa kamanda mkubwa, sajini ni sajini, lakini kwangu yeye ndiye mlango niliopitia kuwaelewa wengine wote. Mwaka 1989 Kenya ilipeleka batalioni Namibia chini ya Umoja wa Mataifa, kusimamia ile safari ya kwenda uhuru, na mzee alikuwa kwa hio batalioni. Naibu kamanda wa majeshi yote ya Umoja wa Mataifa huko alikuwa Mkenya, Daniel Opande, yule ambaye baadaye alikuja kuongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na tena Liberia. Mzee alimheshimu Opande vibaya sana. Alikuwa anatuambia kazi ya kule haikuwa kupigana, kazi ilikuwa kusimama katikati ya watu waliopigana miaka mingi na kuhakikisha hakuna anayeanza tena, na kwamba hio ni ngumu kuliko vita juu kwa vita unajua adui ako upande gani. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990 na mzee akarudi na picha moja na Biblia yenye vumbi nyekundu kwa jalada, ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuipangusa.

Alikuwa wa kanisa la AIC, watu wa Mwingi wengi mnajua hio, na aliniambia kambini padre wa jeshi alikuwa anapita kila jioni, na shehe wa jeshi pia, kila mtu na wake, na kwamba askari wenye maombi ya ukweli ulikuwa unawajua kwa kitu kimoja: walikuwa wanalala. Wengine wanageuka geuka usiku wote, hawa wanalala.

Niliona maana yake Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa tunaishi Huruma wakati huo, mzee ndiye alikuwa keateka, ploti ya vyumba na geti ya mabati. Wale mnaokumbuka Huruma na Mathare za hio wiki hamuhitaji kuelezewa, na wale hamkumbuki mjue tu kwamba kwa nchi nzima tume ya Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa. Ndani ya ploti tulikuwa na wapangaji wa makabila karibu yote. Asubuhi moja tukasikia kundi linakuja, firimbi, mawe kwa mabati, na sote tulijua wanamtafuta nani.

Mzee alikuwa amevaa sweta ile ya kijani ya siku zote. Akaniita, akanipa funguo, akaniambia nifunge mlango mdogo wa geti nyuma yake na nisifungue hata akiniita. Akatoka. Mimi nikabaki ndani jicho kwa tundu la mabati. Hakubeba kitu, mikono aliiacha wazi waione.

"Mzee sisi hatuna shida na wewe, tupe wale watu."

"Watu gani? Hapa kuna wapangaji wangu."

"Mzee tutachoma hii nyumba."

"Mkichoma mtaanza na mimi, niko hapa mlangoni. Na wewe mwenye kofia, mama yako ananiuzia mboga pale steji. Kesho nikienda kununua nimwambie umefanya nini leo? Ama wewe ndiye utamwambia kama mimi sitakuwepo?"

Yule wa kofia akaangalia chini. Wengine wakaendelea kupiga kelele lakini kelele ilikuwa imepungua nguvu, na mzee akaendelea kuongea nao mmoja mmoja, wale anaowajua kwa majina aliwaita kwa majina, mwingine akamuuliza mguu wake uliovunjika kwa mpira umepona? Aliuliza kwa ukweli kabisa, alitaka kujua. Ilichukua muda mrefu sana. Hatimaye wakaenda, na wakienda mmoja akarusha jiwe likagonga geti juu ya kichwa chake na yeye hakugeuka.

Nilipofungua akaingia akakaa kwa jiko. Mama akampa chai kwa kikombe cha bati na mikono ilikuwa inatetemeka mpaka chai ikamwagika kwa suruali. Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema, "Sana. Lakini ile ya kufa nilikuwa nimeongea na Mungu alfajiri, hio ilikuwa imeisha. Pale nje nilikuwa nawafikiria hawa wa ndani, na wale vijana pia, maana wakishaua mtu hawatarudi kuwa vijana tena."

Hayo maneno ya mzee ndio ninayopimia wengine wote. Kila kamanda nikisoma habari zake naangalia kama alikuwa na hio kitu.

Na mwenye nayo kuliko wote kwa maoni yangu ni mtu ambaye Wakenya wengi hawamjui, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Niliambiwa habari zake na mpangaji wangu mmoja Mwislamu, mzee wa heshima, tulikuwa tumekaa nje jioni nikimwambia ile ya Huruma, akaniambia basi nikutajie mtu wa kwetu. Nikaenda nikasoma na tangu siku hio Diagne hajatoka kwa kichwa changu. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa kule Kigali, Rwanda, 1994 mauaji ya kimbari yakianza, na waangalizi hawakuwa na silaha, yaani hata bastola hana. Tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa na wanajeshi, na watoto wake walikuwa wamejificha karibu hapo. Diagne akaenda akawachukua watoto. Amri kutoka juu zilikuwa watu wa Umoja wa Mataifa wasiingilie, na yeye akaendelea kuingilia siku baada ya siku, anaingia mtaani na gari, anabeba watu wachache wachache kwa sababu gari ikijaa itaonekana, anapita kizuizi baada ya kizuizi ambako wanaume wamesimama na mapanga. Alikuwa anapitaje? Kwa kicheko. Kwa utani, kwa sigara za kugawa, kwa kuwajua hao wa vizuizini na kuwaongelesha kama watu. Mkuu wake, Jenerali Dallaire wa Kanada, alijua na hakumzuia. Mamia ya watu wako hai kwa sababu yake.

Tarehe 31 Mei 1994 alikuwa kwa kizuizi anarudi makao makuu na ujumbe, kombora likaanguka karibu na gari, akafa. Alikuwa na miaka 36 na alikuwa amebakisha siku chache tu arudi nyumbani kwa mke na watoto wake wawili. Ilichukua miaka 20, mpaka 2014, ndio Baraza la Usalama likaanzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Mimi ni Mkristo na sioni haya kusema huyu Mwislamu amenifunza imani. Watu huku kwetu wakisema mtu ana imani wanaangalia anavyoomba kwa sauti. Huyu aliomba swala zake akapanda gari akaenda kizuizini. Na kile kicheko chake nakielewa sasa, juu mtu mwenye hofu hawezi kucheka na mwenye panga, sauti itamsaliti.

Halafu kuna Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, na huyu amenisaidia kwa kazi yangu ya kila siku kuliko mwingine yeyote. Alikuwa kamanda wa jeshi la nchi kavu, mtu wa Keiyo, Mkristo wa wazi asiyeficha, na Rais Moi akampa kazi ya kupatanisha Wasudani. Ile vita ilianza 1983 na ilikuwa imeua kama watu milioni 2. Wanadiplomasia walikuwa wamejaribu wakachoka. Akawakalisha Machakos, wakasaini ile itifaki ya kwanza Julai 2002. Mwaka uliofuata, Julai 2003, wapatanishi wakaandika rasimu kule Nakuru, serikali ya Khartoum ikaikataa kwa hasira na Rais Bashir akasema wapatanishi waiyeyushe kwa maji wainywe. Hebu jiweke hapo. Umeacha kambi, umekaa na watu wanaochukiana, na rais wa nchi anakutukana mbele ya dunia nzima. Mtu wa jeshi amezoea kutoa amri na inafuatwa, hapa hakuna anayekufuata. Hakuondoka.

Septemba hio hio John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, na makamu wa rais wa Sudan Ali Osman Taha wakakutana uso kwa uso Naivasha, na sehemu kubwa ya mazungumzo walikuwa wawili wao tu, wapatanishi nje. Hapo ndipo nilipomvulia Sumbeiywo kofia. Mwenye mkutano anakubali kutoka nje ya mkutano! Tarehe 9 Januari 2005 mkataba ukasainiwa hapa Nairobi, uwanja wa Nyayo, na mzee wangu alikuwa uwanjani, alienda na matatu asubuhi na mapema na sweta yake ile ile. Najua Sudan Kusini ilipata uhuru 2011 na ikarudi kwa vita yake yenyewe 2013, na Sudan leo inaungua tena, na hio inaniuma. Lakini kuna watoto waliozaliwa na kusoma kwa ile miaka ya kati bila ndege za mabomu juu yao, na hio si kitu kidogo.

Sasa kwa ploti mambo ni maji, kodi, na kelele. Maji ya kaunti huku yanakuja kwa zamu na yasipofika kila mtu anamshuku jirani. Kuna wamama wawili walikosana kwa sababu ya valvu ya tanki, mmoja alisema mwenzake anaifunga usiku ili ya kwake yajae, na walifika mahali watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja. Kila nikikaa nao wote wawili wanaongea na mimi, hakuna anayeongea na mwenzake, kila mmoja anataka nimpe ushindi. Nikakumbuka Naivasha. Nikawaita kwangu, nikaweka chai na mkate mezani, nikasema naenda kurekebisha bawaba ya geti, na nikaenda kweli. Mwanzo nilisikia sauti juu. Baadaye nikasikia kimya, halafu nikasikia wanaongea kuhusu mtoto wa mmoja wao aliyelazwa na homa ya mapafu, na yule mwenzake hakuwa anajua. Valvu sasa wanaifungua kwa zamu na ratiba waliiandika wenyewe wakaibandika kwa ukuta wa ngazi. Hata sikuuliza nani alikuwa mwongo.

Unaweza kusema ploti na Sudan wapi na wapi. Sawa, lakini mimi hawa watu siwasomi ili niwe jenerali, nawasoma ili nijue kukaa kwa hiki kiti changu.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Jenerali Francis Ogolla, na hapa naenda pole pole kwa sababu habari yake imeingiliana na ya nyumbani kwetu. Alikuwa Mkuu wa Majeshi, rubani wa ndege za kivita, na tarehe 18 Aprili 2024 helikopta yake ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, dakika chache baada ya kuruka kutoka shule ya Cheptulel kule West Pokot. Walikuwa wameenda kuona askari na kuangalia ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya majambazi wa mifugo, ili watoto warudi darasani. Walikufa watu 10, yeye mmoja wao, wengine wengi vijana wenye familia changa na naomba tusiwasahau hao tukimtaja yeye.

Nchi ilipata mshtuko wa ajali, halafu ikapata mshtuko wa pili. Jenerali alikuwa ameacha wosia kwamba akifa azikwe ndani ya siku tatu, na azikwe bila jeneza. Mkuu wa Majeshi! Mtu ambaye angepata jeneza la bei yoyote. Ibada ikafanyika Ulinzi Sports Complex Lang'ata Jumamosi, na Jumapili tarehe 21 akazikwa kwao Ng'iya, Siaya, vile alivyosema. Nchi hii, na hasa huko kwao, watu wamezoea mwili kukaa mochari wiki mbili tatu, kamati kila jioni, mabasi, mahema, tisheti zenye picha, na familia inabaki na deni. Yeye akaiondolea familia yake yote hayo kwa karatasi. Nikaona ni ile ile ya barua ya Kamiti. Mtu amekaa chini siku ya amani, yuko mzima, akamalizana na kifo chake na Mungu wake, halafu akafikiria wale watakaobaki.

Mzee aliangalia mazishi yote kwa runinga, hakusema kitu. Wiki iliyofuata akatuita sisi watoto wote, akatoa daftari la shule la mistari, akasoma. Siku tatu. Sanduku la mbao ya kawaida la fundi wa hapo Mwingi, bei alikuwa ameshauliza. Hakuna tisheti, hakuna video. Pesa za mchango zikibaki ziende karo ya mjukuu fulani ambaye hana baba. Akaorodhesha pia wanaomdai na anaowadai, na kwa wale anaowadai wawili aliandika tu: msimuulize. Dada yangu mdogo alilia akamwambia baba usituletee mkosi. Akamjibu taratibu kwamba mwanajeshi hupanga kurudi na hupanga kutorudi, na mkosi ni kuwaachia watoto ugomvi.

Alifariki mwaka uliofuata, usingizini. Grupu ya WhatsApp ya familia iliwaka moto. Ndugu zake walitaka wiki mbili, baba mdogo mmoja alinipigia simu akaniuliza mnamzika sajini kama mtu asiyekuwa na watu? Nikamwambia kwa heshima zote, "Baba mdogo, hii si yangu, ni sauti yake, njoo nikusomee." Akaja. Nikamsomea daftari lote kwa sauti, mpaka pale pa mjukuu wa karo, ambaye ni mjukuu wake yeye. Akaomba daftari aangalie mwandiko. Akakaa nalo kitambo, halafu akasema tumzike Alhamisi. Tukamzika Alhamisi, na hakuna mtu wa familia yetu aliyebaki na deni la matanga, na yule mtoto ako shule mpaka sasa hivi.

Mimi pia nimeshaandika langu, liko kwa daftari hilo hilo kurasa za nyuma, mke wangu anajua lilipo. Na nimejifunza kuomba alfajiri kama mzee, kabla simu hazijaanza, namaliza ile kubwa kwanza ndio nitoke nikashughulike na geti na maji.

Sai kitinda mimba wetu amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda kwa usajili wa KDF, jeshi letu la Kenya, ukitangazwa tena. Ameanza kukimbia asubuhi mpaka karibu na ukuta wa Kamiti na kurudi, meno yako sawa, miguu iko sawa, na nimemwambia kitu kimoja bila mzaha, kwamba mtu akimwitisha hata shilingi ya kumpitisha ageuke arudi nyumbani. Akichukuliwa atapelekwa Eldoret, Moi Barracks, kwa mafunzo. Mama yake hataki kusikia. Anakumbuka El Adde kule Somalia, ile Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa na al-Shabaab, na wake za wanajeshi hapa Kahawa waliokaa siku nyingi bila habari, tunawajua wengine wao, na mimi siwezi kumwambia hofu yake ni ya bure kwa sababu si ya bure. Kijana anasema babu alienda akarudi. Mama yake anamwambia babu yako alikuwa babu yako. Tumekubaliana Jumapili baada ya kanisa tukae sisi watatu, na nimeshawaambia wote wawili kwamba nikishaweka chai mezani mimi nitatoka nje.